Siena au Lucca, ukiwa na siku moja ya kutoka Firenze

Kila mwaka ikifika Aprili naanza kupokea swali lile lile kutoka kwa ndugu na marafiki wanaokuja Italia. Roma wameshaona, Firenze watakaa siku tatu, na siku moja wanataka kwenda mji mdogo wa zamani. Waende Siena au Lucca? Nimeishi Firenze miaka tisa na nimewasindikiza wageni wa nyumbani kwenye miji yote miwili. Na mimi kabla sijajibu huuliza kwanza: mnakuja na nani, na mtalala huko au mtarudi jioni?

Swali la mji upi ni mzuri zaidi halisaidii kitu. Yote miwili ni mizuri, yote miwili iko Toscana, yote miwili ilikuwa jamhuri zilizojitawala, na katikati ya yote miwili utatembea kwenye vichochoro vyembamba ambavyo mtu aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atavizoea ndani ya dakika kumi. Tofauti iko kwingine. Siena ni mji uliojaribu jambo kubwa kuliko nguvu zake, ukasimamishwa katikati. Lucca ni mji uliojua kujilinda. Ukishalielewa hilo, hata namna ya kuitembelea itakuwa wazi.

Kufika, na habari ya magoti

Siena iko kusini mwa Firenze, kama kilomita 70. Treni huchukua saa moja na nusu hivi, na mara nyingine unabadilisha Empoli. Kituo cha treni kiko chini bondeni, mji uko juu, kwa hiyo ukishuka unapanda ngazi za umeme nyingi kisha unatembea tena. Kwa sababu hiyo wageni wangu huwapandisha basi la haraka linaloondoka karibu na kituo kikuu cha Firenze. Linatumia saa moja na robo hivi na kukushusha juu kabisa, ukingoni mwa mji wa kale.

Lucca iko magharibi. Treni kutoka Firenze ni kama saa moja na dakika ishirini, na ukitoka Pisa ni nusu saa tu. Ukitoka kituoni unavuka barabara, na ukuta wa mji uko mbele yako. Ukinunua tiketi ya karatasi kwa treni hizi za mkoa, igonge kwenye mashine ya pale kituoni kabla hujapanda. Nimeona wageni wakilipishwa faini huku tiketi halali wameishika mkononi. Na usije na gari la kukodi ukidhani utaliingiza katikati. Miji yote miwili ina maeneo ambayo gari la mgeni haliruhusiwi, kamera zinapiga picha, na faini itakufuata hadi nyumbani.

Sasa magoti. Siena imejengwa juu ya migongo ya vilima, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na karibu kila njia inapanda au inashuka. Lucca ni tambarare kama sinia. Mama yangu mzazi alipokuja akiwa na miaka 71, nilimpeleka Siena kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naipenda. Saa sita mchana alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka, ameshika goti, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nenda wewe ukaone, mimi nitakungoja hapa." Sikuwa nimemfikiria yeye, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Mwenye mzee, mwenye mjamzito na mwenye mtoto wa kusukuma kwenye kigari, huyo jibu lake ni Lucca. Anaweza kuishia kusoma hapa.

Siena: kanisa lisiloezekwa

Mwaka 1339 watu wa Siena waliona kanisa lao kuu halitoshi, ingawa tayari lilikuwa kubwa na la fahari. Mahasimu wao wa Firenze walikuwa wanajenga kubwa zaidi, na Siena haikukubali kupitwa. Mpango wao ulikuwa wa ajabu: kanisa lote lililokuwapo ligeuke kuwa bawa tu la kanisa jipya, ambalo lingekuwa miongoni mwa makubwa kuliko yote katika dunia ya Wakristo. Wakajenga nguzo, wakajenga ukuta wa mbele. Kisha mwaka 1348 ikaja tauni.

Inakadiriwa kwamba nusu ya watu wa mji walikufa, na wapo wanaosema zaidi. Mwandishi wa kumbukumbu wa wakati huo, Agnolo di Tura, aliandika kwamba alizika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Ujenzi haukuweza kuendelea tena, na sehemu zilizoonyesha nyufa zikabomolewa. Leo unasimama kwenye uwanja wa wazi kando ya kanisa, nguzo ziko upande mmoja, ukuta mkubwa wa mbele umesimama peke yake, na juu yako ni anga tupu. Uko ndani ya kanisa ambalo halikupata kuezekwa. Unaweza kupanda ngazi za ule ukuta hadi juu na kuutazama mji. Mimi nikipanda hapo huwa sisemi neno kwa muda.

Kabla ya kupanda, pita kwanza kwenye jumba la serikali, Palazzo Pubblico. Kati ya 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alichora kwenye kuta za chumba walimokaa watawala wa mji, wafanyabiashara waliojulikana kama Wale Tisa. Ukuta mmoja unaonyesha mji wenye utawala mwema: mafundi wako juu ya paa wanajenga, fundi viatu yuko dukani kwake, wasichana wanacheza ngoma barabarani, na nje ya lango wakulima wanavuna bila hofu. Ukuta wa pili una dhalimu mwenye pembe, chini yake haki imefungwa kamba, mashamba yameungua na askari wanapora. Watawala walikaa chini ya picha hizo kila siku wakijadili kodi na barabara. Kwetu sisi tunaojua maana ya serikali njema na mbaya kwa miili yetu, chumba hiki hakihitaji mtu wa kukutafsiria. Ambrogio mwenyewe inaaminika alikufa katika tauni ile, miaka kumi hivi baada ya kuchora mji wenye afya.

Nje ya jumba ndipo uwanja wa Piazza del Campo ulipo. Umbo lake ni kama kombe la chaza, umetandikwa matofali mekundu na kugawanywa mafungu tisa kwa heshima ya Wale Tisa. Unateremka kuelekea jumbani, na watu hukaa chini juu ya matofali kama wanaopunga upepo Forodhani jioni. Mnara uliopo pale, Torre del Mangia, una urefu wa karibu mita 88 na ngazi kama 400, hauna lifti. Jina lilitokana na mpiga kengele wake wa kwanza, aliyepewa lakabu ya mla mapato kwa jinsi alivyotumbua fedha.

Ndani ya kanisa kuu tazama chini. Sakafu yote ni picha za marumaru, vipande 56, zilizotengenezwa kwa muda wa karne kadhaa. Sehemu kubwa ya mwaka nyingi zake hufunikwa zisikanyagwe, hufunuliwa kwa vipindi tu, kwa kawaida kiangazi na hadi Oktoba hivi. Kama una hiari ya tarehe, panga safari kwa kipindi hicho. Ng'ambo ya kanisa, katika jumba lake la makumbusho, kuna Maestà ya Duccio, mchoro mkubwa wa Bikira Maria ambao tarehe 9 Juni 1311 watu wa mji waliubeba kwa maandamano kutoka karakana ya mchoraji hadi kanisani, kengele zikilia.

Mitaa ya Siena, na farasi anayeingia kanisani

Siena ina mitaa 17 inayoitwa contrade, na mipaka yake ni ile iliyowekwa mwaka 1729. Kila mtaa una alama yake: konokono, bundi, joka, kobe, nungunungu, mbwa mwitu. Una kanisa lake, makumbusho yake, bendera yake, na chemchemi yake ambako mtoto hubatizwa kuwa wa mtaa huo, mbali na ubatizo wa kanisani. Mtu wa Siena akikutajia mtaa wake amekutajia ukoo.

Mmoja wa mitaa hiyo ni Giraffa, yaani Twiga. Mpwa wangu wa miaka tisa alipoiona ile alama ukutani alisimama akapiga kelele, "Mjomba, twiga wetu!" Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni akamuuliza anatoka wapi. Tulipomjibu Tanzania, akaingia ndani na kutoka na kitambaa cha shingoni chenye rangi za mtaa, akamfunga mtoto. Kitambaa kile kiko Morogoro sasa.

Mitaa hii hushindana kwa farasi mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, katika mashindano ya Palio. Farasi kumi hukimbia kuuzunguka uwanja wa Campo mara tatu, wapandaji hawana tandiko, na yote huisha kwa dakika moja na nusu hivi. Farasi akimwangusha mpandaji wake na kufika wa kwanza peke yake, ushindi ni halali. Mchana ule kabla ya mbio, farasi huingizwa kwenye kanisa la mtaa, akabarikiwa na padri na kuambiwa, "Nenda, urudi mshindi." Zawadi ni bendera ya hariri iliyochorwa, ambayo wenyewe huiita tambara, na ambayo watu wazima huililia.

Aliyewahi kuona mashindano ya punda Lamu wakati wa Maulidi, jinsi Mkomani na Langoni wanavyochangamkiana, ataelewa upesi kuliko Mzungu yeyote wa kutoka mbali. Wageni wengi hudhani ni onyesho la watalii. Wenye mji hawafanyi kwa ajili ya mtu mwingine.

Je, uende siku ya Palio? Kusimama katikati ya uwanja ni bure, lakini unaingia saa nyingi kabla, juani, umebanwa, choo hakuna, na njia zikifungwa huwezi kutoka. Kwa kijana mwenye nguvu ni siku ya maisha. Kwa familia yenye watoto nashauri siku tatu au nne kabla: utayaona mazoezi, utasikia nyimbo za mitaa usiku, utaona meza ndefu za chakula zimewekwa barabarani, na utapumua.

Lucca: ukuta uliosubiri adui asiyekuja

Ukuta wa Lucca una mzunguko wa kilomita 4 na kidogo. Walianza kuujenga karne ya 16 na kuumaliza katikati ya karne ya 17, zaidi ya miaka 100 ya kazi, wakiogopa hasa majirani zao wa Firenze. Adui hakuja. Mwaka 1812 mto Serchio ulipofurika, milango ilifungwa na ukuta uliojengwa kwa ajili ya mizinga ukazuia maji. Baadaye, karne ya 19, juu yake pakapandwa miti na kufanywa mahali pa matembezi.

Kwa hiyo leo unapanda juu ya ngome, na kumbe ni barabara pana yenye kivuli na viti. Upande mmoja ni mapaa na minara ya mji, upande wa pili ni majani mabichi na milima kwa mbali. Kwa miguu ni saa moja ya taratibu. Baiskeli za kukodi ziko karibu na malango, zikiwemo za watu wawili na zile za magurudumu manne za familia nzima. Nilimleta mama hapa safari yake ya pili. Tulizunguka wote, tukapumzika mara tano, tukala machungwa kwenye kiti, na mwisho akauliza kama tunaweza kuzunguka tena. Wanafunzi wa mji walikuwa wanakimbia mazoezi, mabibi wanasukuma wajukuu, wazee wanacheza karata. Huu ndio urithi ninaoupenda zaidi kumwonyesha mtu anayetoka kwetu, kwa sababu tunayo majengo ya kale mengi ambayo yanazungushiwa uzio na kusahauliwa, na hapa kitu cha miaka 400 kinatumika kila asubuhi na watu wa mji wenyewe.

Tabia hiyo ya kutotupa kitu utaiona tena Piazza dell'Anfiteatro. Warumi walikuwa na uwanja wa michezo hapo, wa umbo la yai. Ulipokufa, watu walijenga nyumba zao juu ya mabaki ya majukwaa, kizazi baada ya kizazi, na umbo likabaki. Katika karne ya 19 mbunifu Lorenzo Nottolini aliondoa vibanda vilivyojaa katikati. Unaingia kwa tao dogo lenye giza, ghafla umezungukwa na nyumba za rangi ya manjano zilizopinda kufuata kuta za kale. Chakula cha humo ndani ni ghali na si kizuri sana. Tazama, kisha ukale kwingine.

Kisha kuna mnara wa Guinigi, mita 45, wenye miti ya mialoni iliyoota juu kabisa ya paa. Ngazi zinazidi 200 lakini watoto hupanda bila kulalamika, kwa sababu wanataka kuigusa miti.

Wapenzi wa muziki wajue kwamba Giacomo Puccini alizaliwa hapa mwaka 1858 na nyumba ya kuzaliwa kwake ni makumbusho. Mimi si mtu wa opera. Nitakupeleka kwingine, kanisa la San Frediano, lenye picha ya mozaiki ya dhahabu juu ya uso wake. Ndani, katika sanduku la kioo, umelazwa mwili wa Zita. Alikuwa mtumishi wa ndani. Aliingia kazini kwa familia tajiri akiwa binti mdogo na kuwatumikia hadi alipofariki mwaka 1272, na hadithi inasema siku aliyoshukiwa kuiba mkate wa bwana wake awape maskini, mikate ikageuka maua ndani ya aproni yake. Ni msimamizi wa watumishi wa nyumbani. Kila tarehe 27 Aprili eneo la kanisa hujaa soko la maua kwa ajili yake.

Nina shangazi aliyefanya kazi za ndani Muscat miaka kumi na minne. Alipofika mbele ya sanduku lile na nikamweleza huyu alikuwa nani, alisimama muda mrefu, akaomba dua yake kwa dini yake, akaniambia kwamba hakujua kama kuna mji uliompa heshima hiyo dada wa kazi. Sijaona mgeni wangu yeyote akiguswa namna ile mbele ya mchoro maarufu.

Fundi mmoja, miji miwili

Jacopo della Quercia alikuwa mwana wa Siena. Campo ipo chemchemi yake, Fonte Gaia, aliyoimaliza mwaka 1419, ingawa inayosimama uwanjani ni nakala na mawe yake halisi yamehifadhiwa Santa Maria della Scala, hospitali ya kale iliyo mbele ya kanisa kuu. Lakini kazi yake inayonigusa zaidi iko Lucca, katika kanisa kuu la San Martino: kaburi la Ilaria del Carretto, mke wa bwana wa mji Paolo Guinigi, aliyefariki mwaka 1405 akiwa kijana. Amelala kama aliyesinzia, kola ya vazi imefika kidevuni, na miguuni mbwa wake mdogo anamtazama akingoja aamke. Ukienda mji mmoja tu, kama ni kwa ajili ya sanaa ya kuchonga, usidhani Lucca ni ya pili.

Kwa michoro, Siena haina mshindani. Mji wake wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995, Lucca haimo. Sababu ya Siena kubaki ilivyo ni ya huzuni: mwaka 1555, baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka na kufa njaa, ilisalimu amri na kuangukia mikononi mwa Firenze. Haikupata tena fedha ya kubomoa na kujenga upya. Lucca, mji wa wafanyabiashara wa hariri, ilibaki jamhuri hadi 1799.

Chakula

Siena ina panforte, keki nzito ya lozi, matunda na viungo ambayo kwa ladha ya mdalasini na karafuu itakukumbusha nyumbani, na ricciarelli, biskuti laini za lozi. Lucca ina buccellato, mkate mtamu wa zabibu kavu. Kwa Mwislamu, maeneo yote mawili yanapenda sana nguruwe, hata ndani ya tambi zilizojazwa nyama, kwa hiyo sema "senza maiale" na uulize mara mbili. Lucca ni rahisi kidogo kwa sababu utapata cecina, mkate mwembamba wa unga wa dengu, unga ule ule wa bajia, unaookwa kwa mafuta ya zeituni.

Lini

Siena Agosti ni joto na msongamano. Mei, au Septemba mwishoni, ni bora. Lucca iepuke mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, wakati wa tamasha la vibonzo na michezo linalojaza kila kitanda, isipokuwa kama umekuja kwa ajili hiyo. Ukiweza, fika tarehe 13 Septemba jioni. Nyumba huwashwa maelfu ya mishumaa kwenye madirisha, na watu huandamana hadi kanisa kuu kwa heshima ya msalaba wao wa kale wa mti, Volto Santo.

Ningekupeleka wapi

Ukiwa na siku moja ya kwenda na kurudi, nakupeleka Lucca, hata kama moyo wangu uko Siena. Lucca inajitoa yote ndani ya saa sita, na utarudi hujachoka. Siena ukiiona kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni umeiona pamoja na makundi yote ya mabasi, na umeiona ikiwa imevaa nguo za wageni.

Ukiweza kulala usiku mmoja, nenda Siena bila kufikiri mara mbili. Baada ya saa moja jioni mabasi yameondoka. Keti chini Campo, matofali bado yana joto la jua. Vijana wa mtaa mmoja watapita wakipiga ngoma, na kutoka kichochoro kingine utasikia ngoma ya mtaa mwingine ikijibu. Kesho yake uwe mlangoni kwa kanisa kuu wanapofungua, kabla ya basi la kwanza la kutoka Firenze halijafika.